Fungu la Kengele: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Bajeti na Kamati ya Elimu za Bunge la Taifa la Kenya

Waheshimiwa Wabunge,

Naomba ruhusa niwafikishie hadharani haja moja, ambayo ningaliweza kuiandika kwa faragha na kuitia posta, lakini nimeona aula isomwe na wazazi na walimu wenzangu pia, kwa kuwa ni haja yao kabla ya kuwa yangu. Haja yenyewe ni hii: kwamba katika makadirio ya fedha za serikali yatakayoletwa mbele yenu, litengwe fungu mahususi, lenye jina lake na hesabu yake, la kugharimia kengele za hatari, milango ya kuokokea, vizima moto, maji na mazoezi ya uokoaji katika shule za umma, hasa zile ambamo watoto hulala; na fungu hilo lisichanganywe na fedha za chaki, wala lisihamishwe kulipia deni la umeme, wala lisingojee moto ndipo litafutwe.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 221, imeiagiza kamati ya Bunge inayoyachambua makadirio itafute maoni ya wananchi na kuyatia maanani inapotoa mapendekezo yake. Basi mimi, mwalimu mstaafu niliyelala miaka mingi katika nyumba za shule, hatua chache kutoka milango ya mabweni, natoa yangu kwa idhini hiyo, wala si kwa ujeuri.

Yaliyotupata hayahitaji kupambwa kwa maneno. Mwezi wa Machi 1998, hapa pwani kwetu, katika shule ya Bombolulu karibu na Mazeras, wasichana 26 waliteketea usiku wakiwa bwenini. Mwezi wa Machi 2001, miaka mitatu tu baadaye, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni lililomwagiwa petroli, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yametiwa vyuma. Mwezi wa Septemba 2017 wasichana 10 walifariki katika shule ya Moi, jijini Nairobi, mahali ambapo pana barabara za lami, maji ya mfereji na kikosi cha zimamoto. Na mwezi wa Septemba 2024 wavulana 21 wa shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, ambayo ni shule ya watu binafsi, hawakuiona asubuhi, na serikali ikatangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Kutoka Bombolulu hadi Endarasha ni miaka 26. Mtoto aliyezaliwa siku ya msiba wa kwanza alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye kuweza kuwa mwalimu wa zamu katika msiba wa mwisho.

Wala sisi si peke yetu, kwani jirani zetu wa Tanzania walizika wasichana zaidi ya 40 wa shule ya Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, na jirani zetu wa Uganda walizika watoto wa shule ya Budo mwaka 2008, kisha mwaka 2022 wakazika watoto 11 wa shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Nayataja haya ili isidhaniwe kwamba ni laana ya kabila fulani au ukorofi wa kizazi fulani, ilhali ni tabia ya jengo: watu wengi waliolala, magodoro mengi, na njia chache za kutokea.

Najua wapo watakaoniambia kwamba ajali ni ya Mungu na kila nafsi ina siku yake. Nami sipingani na aliyeiandika siku hiyo. Lakini kufuli la nje ya mlango halikuandikwa mbinguni, lilinunuliwa dukani, na risiti yake imo katika majalada ya shule.

Wala hatuwezi kudai kwamba hatukujua la kufanya. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na ndani yake mna maagizo ambayo hata asiyesomea uhandisi huyaelewa: ya kwamba baina ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2, na ujia wa kupita usipungue mita 2. Ya kwamba kila bweni liwe na mlango kila mwisho wake, na mlango wa dharura katikati ulioandikwa wazi. Ya kwamba milango iwe na upana wa futi 5 angalau, ifunguke kwa nje, wala isifungwe kutoka nje maadamu mna watoto ndani. Ya kwamba madirisha yasitiwe vyuma. Na ya kwamba vizima moto na kengele za moto viwekwe mahali panapofikika kwa urahisi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zilikwisha kuagiza mazoezi ya kutoka na ukaguzi wa moto kila mwaka; na shule, kwa walimu wake na wapishi wake na walinzi wake, ni mahali pa kazi kama kiwanda chochote cha Changamwe.

Mwongozo huo ni mzuri, nami sioni neno la kuondoa ndani yake. Upungufu wake ni mmoja tu, lakini ndio uliobeba mengine yote: ulitoka peke yake, bila fedha za kuufuata. Mwalimu mkuu alipelekewa kitabu kinachomwambia apanue milango, atoboe ukuta wa kati, ang'oe vyuma vya madirisha, anunue kengele na vizima moto, naye hakupewa fungu la kulipia hata kimoja kati ya hivyo. Akawa mtu aliyeamriwa kulipa deni la mwingine kutoka mfuko uliotoboka. Kisha mwaka 2018 likaja agizo la kwamba kila aliyemaliza shule ya msingi aingie sekondari, agizo jema ambalo kila mpenda elimu aliliombea dua, lakini vitanda vilisogezwa, na pale palipotakiwa pawe na mita 1.2 hapakubaki hata nafasi ya kutia sanduku. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliuchunguza utayari wa shule za sekondari za umma mbele ya moto, na alichokikuta si cha kumpa mzazi usingizi. Baada ya Endarasha, Wizara ilifunga sehemu za bweni katika shule za msingi 348 zilizokosa kutimiza viwango. Na kufunga huko pengine kulikuwa lazima, lakini kwa mtoto wa mfugaji wa Tana River, ambaye shule ya kutwa iko mwendo wa nusu siku, bweni lililofungwa ni elimu iliyofungwa.

Hebu sasa tuzitazame fedha zenyewe. Kwa miaka kadhaa serikali imeahidi shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Kila mwalimu mkuu anajua kwamba ahadi hiyo haifiki yote, wala haifiki kwa wakati. Na mwaka 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba kiasi kinachowezekana ni takriban shilingi 16,900. Mgao unapopungua hivyo, mwalimu mkuu hukata panapokatika bila kelele: hawezi kukata unga, kwa kuwa watoto watagoma kabla ya jioni, hawezi kukata mshahara wa mlinzi, kwa kuwa ataondoka, basi hukata kile ambacho kutokuwapo kwake hakuonekani mpaka siku ya maafa. Kizima moto kilichopitwa na wakati hakilalamiki. Ndiyo sababu naomba fungu lenye jina lake, lisilotegemea huruma ya mwalimu mkuu wala ujasiri wake, maana fedha isiyo na jina katika shule yenye madeni ni fedha iliyokwisha tumika.

Lau sehemu moja tu katika kila mia ya zile shilingi 22,244 ingetengwa, ingekuwa shilingi 222 na senti 44 kwa kila mwanafunzi, na shule ya wanafunzi 500 ingepata shilingi 111,220 kwa mwaka. Kiasi hicho hakijengi bweni, wala sitaki mtu yeyote adanganyike kwamba kinajenga. Lakini chaweza kujaza upya vizima moto, kubadili betri za kengele, kulipa mkufunzi wa zimamoto aje kila muhula, na kutia grisi bawaba za milango. Hii ndiyo fedha ya kila mwaka. Pembeni yake pana haja ya fedha ya mara moja, ya kurekebisha majengo ya zamani, na hiyo haifai kugawanywa kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi, kwa kuwa kengele haimjui mwanafunzi, inalijua jengo. Shule ndogo ya Lamu yenye mabweni mawili na watoto 90 inahitaji kengele ileile na mlango uleule wa shule yenye watoto 400 katika mabweni mawili. Tukigawa kwa vichwa, tutaipa shule ndogo chini ya robo ya mlango. Basi fedha ya marekebisho igawanywe kwa idadi ya mabweni na hali yake, na fedha ya matunzo igawanywe kwa idadi ya wanafunzi, pakiwa na kima cha chini ambacho hakuna shule itakayopewa pungufu yake.

Huenda Hazina ikajibu kwamba serikali hugharimia masomo, na kwamba malazi ni mzigo wa mzazi, ambaye hulipa karo ya bweni. Hoja hiyo ni dhaifu kwa pande tatu. Bweni la shule ya umma ni mali ya umma, hata kama saruji yake ilinunuliwa kwa harambee. Mtoto aliyelala ndani yake, aghalabu, hakuchaguliwa shule na babake bali alipangiwa na Wizara, naye akatii akabeba sanduku lake. Na Katiba, katika vifungu vya 26 na 53, haikusema kwamba haki ya kuishi na haki ya mtoto ya kulindwa hukoma saa tatu ya usiku taa zinapozimwa.

Pana kasoro nyingine ambayo ni nyinyi tu mnaoweza kuiziba, nayo imo katika Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo. Shule za msingi na za sekondari zimewekwa chini ya serikali kuu. Huduma za zimamoto zimewekwa chini ya kaunti. Kwa hiyo mwenye watoto hana gari la moto, na mwenye gari la moto hana watoto. Gavana akiandaa bajeti yake huitazama miji na masoko, kwa kuwa huko ndiko anakotoza kodi na leseni. Shule iliyo kilomita 40 ndani ya milima haimo katika hesabu yake, wala huwezi kumlaumu sana, kwa kuwa si yake. Wenzetu wa Tanzania wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya wizara moja na nambari moja ya simu, 114, nchi nzima. Nao pia wamezika watoto, kwa hiyo sisemi kwamba mpangilio peke yake huokoa. Nasema tu kwamba sisi, tuliochagua mpangilio wa kugawana, tulikuwa na wajibu wa kujenga daraja baina ya pande mbili, na Katiba ilitupa mbao za kulijengea: kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuihamishia nyingine kazi kwa makubaliano, na kifungu cha 202 kinaruhusu kaunti kupewa fedha za ziada zenye masharti. Itolewe basi ruzuku kwa kaunti, yenye sharti la kwamba kila shule ya bweni iwe imetembelewa na maofisa wa zimamoto, njia ya kuifikia imejulikana, mahali pa maji pamewekwa alama, na nambari ya simu ya kituo imebandikwa ukutani na kujaribiwa.

Sharti hilo la mwisho si dogo. Tarehe 1 Desemba 1958, katika jiji la Chicago, Marekani, shule ya Our Lady of the Angels iliungua mchana, watu wakiwa macho, wakafa watoto 92 na watawa 3. Shule ile ilikuwa na kengele ya moto. Lakini kengele ililia ndani ya jengo tu, haikuunganishwa na kituo cha zimamoto. Ilikuwa imekaguliwa miezi michache kabla na kuonekana imetimiza sheria, kwa kuwa sheria iliyasamehe majengo ya zamani kanuni mpya. Vizima moto vyake vilitundikwa juu mno kwa mikono ya watoto. Baada ya msiba ule sheria za usalama wa shule zilibadilishwa Marekani nzima, na kengele za shule zikaunganishwa na vituo vya zimamoto. Naitaja Chicago si kwa kuwa wao ni wema kutuzidi, bali kwa kuwa waliyoyajua mwaka 1958 kwa gharama ya watoto 92, sisi tumeyasoma yote, na majengo yetu ya zamani yangali yamesamehewa, si na sheria, bali na ukata.

Nayo elimu ya moto wenyewe yatosha kutufundisha fedha itangulie wapi. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na aliyelala huzimia kabla hajajua kwamba anazimia. Wengi wa wanaofia mabwenini huuawa na moshi kabla ya kufikiwa na ndimi za moto. Muda wa kuokoka ni dakika chache tu. Gari la zimamoto, hata likiwa jipya, hata dereva wake akiwa ameamka na udhu, halitafika Kieni au Kinango ndani ya dakika hizo. Basi mwokozi wa kwanza ni kengele inayoamsha, wa pili ni mlango unaofunguka, wa tatu ni mtoto aliyefunzwa miguu yake iende wapi gizani. Zimamoto ni wa nne, kazi yake kubwa ikiwa ni kuokoa bweni la pili. Nchi inayonunua gari kwanza na kusahau mlango imeanza hesabu kutoka mwisho.

Kwa hiyo mpango ninaouomba una daraja. Kwanza ving'olewe vyuma vya madirisha, na milango igeuzwe ifunguke kwa nje. Kazi hii ni ya fundi wa kijijini kwa siku chache, wala haihitaji zabuni ya kimataifa. Pili ziwekwe kengele zinazonusa moshi na kulia zenyewe, zenye betri au nguvu za jua, kwa kuwa umeme wetu hukatika, na moto wa hitilafu ya nyaya huukata kabla ya yote. Tatu, pawe na tangi la maji na mpira wa kuzimia moto unaofika kila pembe ya bweni. Nne, pafanywe mazoezi kila muhula, mengine mchana na mengine usiku, watoto wahesabiwe kwa majina, na muda waliotumia uandikwe. Heri nusu shari kuliko shari kamili: kama fedha ya mwaka wa kwanza haitoshi daraja zote nne, itoshe ya kwanza na ya nne, maana hizo mbili ni rahisi kuliko zote.

Hapo najua mwalimu mkuu atanyanyua mkono. Atasema: "Mimi sikutia vyuma kwa ukatili, wezi waliingia wakaiba magodoro. Wala sikufunga mlango kwa dharau. Watoto hutoroka usiku, na msichana akipatwa na balaa huko nje nitaulizwa mimi." Anasema kweli, na mtu yeyote asiyewahi kubeba dhamana ya watoto mia tatu usiku asimcheke. Lakini dawa ya shida yake ipo, nayo haihitaji kufuli. Uko mlango wenye mwamba wa chuma upande wa ndani, ambao mtoto akiusukuma kwa kifua tu hufunguka, wala haufunguki kutoka nje; na ukifunguka, kengele hulia katika chumba cha matroni. Mwizi haingii, mtoro hatoki kimya, na siku ya moto hakuna anayetafuta ufunguo. Mlango huo ni ghali kuliko kufuli, nao ndio mfano halisi wa tofauti inayopaswa kulipwa na fungu ninaloliomba, kwa kuwa bila fungu hilo mwalimu mkuu ataendelea kununua kile anachokimudu.

Wapo pia watakaosema, na wamesema tangu mwaka 2016 zilipochomwa shule zaidi ya 100, kwamba mioto mingi huwashwa na wanafunzi wenyewe, na kwa hiyo dawa ni nidhamu na mahakama, si kengele. Sina ugomvi na nidhamu. Nimeifundisha, na anayewasha moto juu ya wenzake waliolala ametenda uovu mkubwa. Lakini wale 67 wa Kyanguli hawakumwaga petroli juu yao wenyewe. Uchomaji wa makusudi hauipunguzii haja ya kengele, bali unaizidisha, kwa kuwa hitilafu ya umeme huenda ikapiga mara moja katika maisha ya jengo, ilhali mtu mwenye nia mbaya huchagua saa ambayo kila mtu amelala.

Na dharura si moto peke yake. Mwezi wa Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, ambayo ni shule ya umma, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana ngazini walipokuwa wakiondoka madarasani jioni. Hapakuwa na moto wala moshi, palikuwa na ngazi, haraka, na watoto wengi mno kwa upana uliokuwapo. Mazoezi ya kutoka yaliyofanywa kwa utaratibu hufunza ngazi kama yanavyofunza mlango. Kadhalika ziangaliwe kwa jicho la pekee shule za watoto wenye ulemavu: asiyesikia ataamshwaje na kengele kama hapana taa inayomulika na kuzima, au kitu kinachotikisa kitanda chake? Asiyeona atafuataje maandishi ya mlango wa dharura, kama hapana kamba au ukuta wa kumwongoza mkono? Na mwenye kiti cha magurudumu alazwe chini, wala si ghorofani. Salama ya Mukono ni onyo kwetu pia, na haya yaandikwe katika masharti ya fungu tangu mwanzo, yasiongezwe baadaye kama sadaka.

Mtaniuliza, na ni haki yenu kuuliza, ni nani atakayezilinda fedha hizi zisiliwe. Mimi ni mtu mzima na nimeona vizima moto vilivyopakwa rangi nyekundu nje na ndani vikiwa vitupu. Naomba basi manunuzi yasifanywe na ofisi moja kuu kwa nchi nzima, kwa kuwa penye mkataba mmoja mkubwa huwa na meza moja kubwa. Bodi ya Usimamizi ya kila shule inunue kwa viwango vilivyotangazwa, na orodha ya vilivyonunuliwa, bei zake na tarehe ya kukaguliwa kwake ibandikwe mlangoni mwa bweni, ambapo mzazi akija siku ya kutembelea mtoto aisome mwenyewe. Tarehe ya zoezi la mwisho nayo ibandikwe hapohapo. Shule isiyoonyesha zoezi la muhula uliopita isinyimwe fedha, kwa kuwa adhabu hiyo itawaangukia watoto, bali mwalimu mkuu na mkurugenzi wa elimu wa eneo lake waitwe wajieleze. Na Mkaguzi Mkuu arudie uchunguzi wake wa mwaka 2020, si kwa kukagua vitabu tu, bali kwa kuingia bwenini usiku na kuibonyeza kengele.

Waheshimiwa, serikali yetu haikosi fedha za moto. Huzitoa baada ya moto. Hutoa za majeneza, za vipimo vya kuwatambua waliokufa, za tume ya uchunguzi, za mabati na vitanda vipya, na katika mfuko wa maendeleo ya maeneobunge sheria imetenga asilimia 5 kwa dharura, ambayo aghalabu hufika majivu yakiwa yamekwisha poa. Fedha hizo zote hutolewa bila mjadala mrefu, kwa kuwa hakuna mbunge anayeweza kusimama mbele ya maiti akazungumzia nakisi ya bajeti. Ninachoomba si fedha ngeni, bali sehemu ya fedha ileile, itolewe mapema.

Makadirio hufika kwenu kabla Aprili haijaisha, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika kipindi hicho kiandikeni kifungu kimoja chenye sehemu tatu: fedha ya mara moja kwa kila bweni la shule ya umma, fedha ya kila mwaka kwa matunzo na mazoezi, isiyohamishika, na ruzuku ya kaunti kwa zimamoto yenye sharti la kuzihudumia shule. Msipokiandika, mtakuwa mmeamua, maana katika bajeti kunyamaza nako ni uamuzi. Na wazazi wa nchi hii, ambao huwakabidhi watoto wao kwenye lango la shule kila muhula kwa kuwa wameambiwa ni amana, wana haki ya kujua ni nani aliyeinua mkono na ni nani aliyenyamaza.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Mombasa